Kutoka Mabomu hadi Ramani: Ndege ya Lancaster katika Anga la Afrika Mashariki

Lancaster, ndege ya injini nne ambayo kampuni ya Avro iliiunda ili kudondosha mabomu mazito usiku, iliruka kwa mara ya kwanza Januari 1941, na hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1946 zilikuwa zimeundwa 7,377. Vita vyake vimeandikwa sana; makala hii inahusu kazi iliyofuata, ambayo Afrika Mashariki ina haki ya kuihesabu katika historia yake yenyewe.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na kwa kuwa kupima nchi pana kama Tanganyika kwa miguu pekee kungechukua miaka mingi mno, idara hiyo ilitegemea picha za anga, yaani picha za ardhi zinazopigwa kutoka ndegeni. Kikosi nambari 82 cha Jeshi la Anga la Kifalme ndicho kilichopewa jukumu hilo, kikaanzia Afrika Magharibi kisha kikahamia Eastleigh, Nairobi. Lancaster zake ziling'olewa minara ya bunduki, matundu yakazibwa, na kamera zikafungwa zikitazama chini.

Kazi yenyewe ilidai subira kubwa. Rubani alishika mstari ulionyooka kwa kimo kilekile, huku kamera ikipiga kwa vipindi vilivyopangwa, kila picha ikirudia takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Marudio hayo hayakuwa ufujaji wa filamu, kwani mchora ramani anapozitazama picha mbili zinazofuatana kwa stirioskopu, kifaa cha lenzi mbili kinacholipa kila jicho picha yake, bonde huzama na kilima huinuka mbele yake, na hapo ndipo kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, huweza kuchorwa. Wingu moja likikatiza mstari wa safari ya ndege liliacha pengo, na ndege ikalazimika kurudi siku nyingine.

Kikosi kiliporejea Uingereza mwaka 1952, kilikuwa kimepiga picha za zaidi ya maili za mraba milioni 1 za Afrika. Ni kweli kwamba mkoloni aliipima ardhi kwanza kwa manufaa yake. Hata hivyo, mpaka wa msitu, mkondo wa mto na mashamba ya wakati ule vimebaki katika picha hizo, na mtafiti wa mazingira anayeziacha kando anajinyima ushahidi wa thamani kubwa.

Moja ya Lancaster hizo, PA474, ambayo vita viliisha kabla haijapelekwa kupigana, ilifanya kazi ya picha Afrika kuanzia 1948 hadi 1952. Leo ni mojawapo ya Lancaster mbili tu duniani ambazo bado zinaruka.