Daftari la Mtoto Lisitupwe Motoni



Wapendwa wasikilizaji, katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 36, twasoma kwamba Yeremia alitamka maneno kwa kinywa chake, naye Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Gombo lilipofikishwa kwa mfalme Yehoyakimu, yeye aliketi mbele ya moto, na kila ziliposomwa sehemu chache, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Lakini Mungu aliagiza liandikwe gombo jingine. Baruku akaandika upya, na maneno mengi yakaongezwa.

Kwa mwanga wa somo hilo, leo napenda tuwatazame watoto wetu.

Sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria twaijua misiba ya ghafla. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikapoteza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Sisi wakubwa tulilia, tukazika, tukakaa matanga. Je, mtoto tulimwambia nini? Mara nyingi tulimwambia, "Nyamaza, usilie." Naye akanyamaza kweli: akanyamaza nyumbani, akanyamaza darasani, na usiku akaota maji.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wametuachia mfano mwema. Huko Uganda, mwaka 1992, akina mama waishio na virusi vya UKIMWI waliunda chama kiitwacho NACWOLA. Katika miaka iliyofuata waliandika, pamoja na watoto wao, vitabu vya kumbukumbu: habari za ukoo, za kuzaliwa kwa mtoto, na za mambo ayapendayo. Mama aliyeogopa kumweleza mwanawe ugonjwa wake alipata njia ya kusema, na mtoto akajua kwamba ana jina na ana kwao.

Ndugu zangu, niungame kosa langu. Nilipokuwa nikifundisha watoto wa Kipaimara, niliwaomba waandike juu ya siku waliyoogopa kuliko zote. Mtoto mmoja aliandika mistari mitatu juu ya baba yake, mvuvi, ambaye hakurudi kutoka ziwani. Nami nikatwaa kalamu nyekundu, nikamsahihisha herufi! Siku ile niliketi katika kiti cha Yehoyakimu. Nilimwomba radhi, nikampa daftari jipya, na Kwaresima nzima ikapita kabla hajaandika neno.

Basi, wazazi na makatekista, tufanyeje? Mpe mtoto daftari dogo, na dakika chache za utulivu jioni. Usimwachie ukurasa mtupu. Mpe swali moja. Leo umefurahia nini? Umeogopa nini? Ulipoogopa ulifanya nini, na nani alikusaidia? Kesho utajaribu nini? Asiyejua kuandika na achore, au aseme nawe uandike, kama Baruku. Usimpe alama, usimsomee mbele ya wageni, wala usifungue daftari lake bila ruhusa. Akikuonyesha kwa hiari yake, sikiliza kwanza, kisha umshukuru. Na akikufunulia kwamba anapigwa vibaya au anatendewa uchafu, jambo hilo lisibaki karatasini: mlinde, na uwaendee wahusika wa ustawi wa jamii bila kukawia.

Daftari haliondoi msiba. Lakini mtoto aliyeandika, "Niliogopa, nikamwita bibi," siku nyingine atafungua ukurasa ule na kuona kwamba aliwahi kuogopa, akatafuta msaada, akavuka. Hapo ndipo huanza kujiamini. Hajiamini kwa sababu tumemsifu. Anajiamini kwa sababu ameiona njia aliyopita kwa miguu yake mwenyewe.

Mtoto wangu yule, baada ya Pasaka, alileta daftari. Mistari mitatu ilikuwa imekuwa kurasa mbili. Maneno mengi yalikuwa yameongezwa. Herufi zilikuwa zilezile, nami sikuzigusa.

Wapendwa, juma hili kila mmoja wetu amtafute mtoto mmoja aliyenyamazishwa, ampe kalamu, ampe na sikio. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.