Tuta la Bwawa Lina Mwenyewe

Msikilizaji, mvua za Katavi huanza Novemba na kwisha karibu na Aprili. Je, mabwawa madogo ya watu binafsi, ya kufugia samaki au ya kupumzikia wageni, nani huyakagua kabla hayajajaa?

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba binafsi lilipasuka Solai, Nakuru, nchini Kenya. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao bondeni. Maji hayajui mpaka wa shamba.

Hapa kwetu Tanzania ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa Mpanda, mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa: kibali kwanza, greda baadaye. Kibali kina sababu: viboko wa Hifadhi ya Katavi hutegemea Mto Katuma wakati wa kiangazi. Kila anayezuia maji huku juu ya mto anawapunguzia.

Kisha kuna matunzo. Miti isiachwe iote juu ya tuta, kwa kuwa mizizi yake hufungulia maji njia. Mashimo ya panya yafukiwe. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, usizibwe kwa magogo wala nyavu. Maji yakipanda juu ya tuta la udongo, hulikata. Na yakivuja yenye tope, udongo wa ndani unasombwa: punguza maji, ita mhandisi, waonye walio bondeni.

Gharama ya ukaguzi ni ya mwenye bwawa. Isihamishiwe kwa jirani.