Mbwa Mgonjwa wa Tumbo Alishwe Nini?

(Maelezo kwa wahitimu wa kisomo)



Leo hatuzungumzi habari za pamba wala mbolea. Tunazungumza habari za mbwa. Naona wengine mnacheka. Haya, chekeni, lakini hebu niambieni: nani anawafukuza nyani shambani? Fisi akinusa zizi la mbuzi usiku, nani anakuamsha? Basi mlinzi huyo akiharisha siku mbili, zizi halina mlinzi.

Mbwa wetu wengi huumwa tumbo kwa sababu tunawafanya jalala. Ugali umechacha, apewe mbwa. Mahindi yameota ukungu, apikiwe mbwa. Hili la ukungu ni baya sana. Ukungu wa mahindi na karanga huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa naye huharibika ini. Hutapika, ufizi na macho huwa ya manjano, na huweza kufa. Mahindi ya namna hiyo yafukieni. Kuku pia msiwape.

Sasa mbwa ameshaumwa. Anaharisha au ametapika, lakini bado anasimama na anakutambua. Tufanye nini?

Kwanza maji. Mpe kidogo kidogo, kwa sababu akinywa bakuli zima kwa pupa atayatapika yote. Unaweza kumpa yale maji ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kurundika.

Mbwa mkubwa aliyetapika apumzike bila chakula saa 12, yaani kama tangu jua kuchwa mpaka kuchomoza. Mtoto wa mbwa asishindishwe njaa, maana hulegea upesi.

Halafu mpikie wali laini usio na mafuta wala chumvi. Kwa kila vikombe 2 vya wali, tia kikombe 1 cha nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi wala mfupa. Kama hakuna mchele, tumia viazi vya kuchemsha vilivyopondwa, au uji mzito wa unga safi. Kitunguu usitie hata kidogo, kinaharibu damu ya mbwa.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wanangu hawajaona nyama mwezi huu. Nimchinjie mbwa kuku?" Swali la haki kabisa. Hapana, mama, usimchinjie. Yai 1 la kuchemsha, likipondwa ndani ya uji, linafaa. Samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba anafaa pia. Na siku zenyewe ni 3 au 4 tu. Mbwa mpya, mpaka ajue kumtofautisha jirani na mwizi, atakuchukua muda gani?

Mara ya kwanza mpe robo tu ya chakula alichozoea. Mpe hivyo hivyo mara 4 kwa siku. Choo kikianza kushikamana, changanya chakula chake cha kawaida, kila siku ukiongeza kidogo.

Wengi wetu tunaamini maziwa hutuliza tumbo. Kwa mbwa mkubwa anayeharisha, mara nyingi maziwa huzidisha kuharisha. Mifupa iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha kali, nayo huweza kutoboa utumbo. Dawa za maumivu za binadamu usimpe, zinaweza kumwua.

Tena siku ya kuchinja, msimtupie mbwa mapafu au maini yenye malengelenge ya maji. Humo mna vijidudu vya tegu. Vikikua tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi na kuwarudia watu, hasa watoto, kwa kuwaletea uvimbe kwenye ini. Maini hayo fukieni shimo refu au choma moto.

Ukiona choo cha damu, tumbo limevimba kama ngoma, au anatapika hata maji, acheni uji. Mwiteni Bwana Mifugo siku ile ile. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha naye asingoje kesho.

Na hili lisikieni vizuri. Mbwa anayetoka mate mengi, anayeshindwa kumeza, au ambaye taya limelegea, watu husema amekwamwa na mfupa. Usitie mkono mdomoni! Huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma, au mate yake yakigusa kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Usingoje uone dalili, kwani zikishatokea ni vigumu sana mtu kupona.

Mbwa naye achanjwe kila mwaka. Siku ya chanjo mlete akiwa na kamba shingoni, na kamba ishikwe na mtu mzima anayemjua.