Furaha: Sehemu Iliyo Mikononi Mwetu

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wazee wa mitaa na viongozi wa vikundi, Siku ya Kimataifa ya Furaha, Machi 20.



Siku ya leo ilitengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012, kwa pendekezo la Bhutan, nchi ndogo ya milimani huko Asia. Najua wako wanaojiuliza: tangu lini furaha ikawa kazi ya kaunti? Unga umepanda bei, mvua haitabiriki, karo haijakamilika, halafu mtu wa ofisini anakuja kutuambia tutabasamu. Swali hilo ni la haki, na nitaanza nalo.

Kuanzia mwaka 2011 huko Rarieda, Kaunti ya Siaya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia maskini zilizotumiwa pesa kwa simu bila masharti yoyote. Familia hizo zilikula vizuri zaidi. Pia zilisema zina furaha zaidi na msongo mdogo wa mawazo. Kwa hivyo asije mtu akawaambia kwamba umaskini ni fikra tu. Ukosefu unauma, ndiyo maana maji, barabara, dawa na basari zitabaki kuwa deni letu kwenu.

Lakini watafiti hao waliona jambo la pili. Majirani ambao hawakupata pesa hizo walisema wameridhika na maisha kidogo kuliko awali, ingawa hawakupoteza hata shilingi moja. Hali hiyo ilififia baada ya muda. Mfuko wao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kipimo walichojipimia. Bei ya unga hatuipangi mimi na wewe. Kipimo tunakipanga wenyewe, na hiyo ndiyo sehemu ya furaha iliyo mikononi mwetu.

Basi tuanze na hicho kipimo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Unaliona geti jipya la jirani, huoni miaka aliyolipa mkopo wa sacco. Unaona picha za harusi kwenye simu, huoni madeni ya harusi. Wako kati yetu waliokopa kwa simu ili sherehe yao isizidiwe na ya fulani, na leo wanazima simu wasitafutwe. Kabla hujabonyeza kukubali mkopo, jiulize: hii ni haja yangu, au ni macho ya watu? Swali hilo moja linaweza kukuokolea usingizi wa mwaka mzima.

La pili ni watu. Huko Marekani kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938. Ulifuatilia maisha ya wanaume, baadhi yao wanachuo wa Harvard, wengine vijana wa mitaa ya kimaskini ya Boston, hadi uzeeni. Kilichojitokeza ni kwamba waliokuwa na uhusiano mwema na jamaa na marafiki waliishi kwa furaha na afya bora zaidi, kuliko walichoweza kupewa na mali au sifa. Sisi wa Pwani tulikuwa na dawa hiyo kabla ya utafiti: kibaraza, kahawa chungu, na mtu wa kukuuliza umeshindaje. Vibaraza bado vipo. Tatizo ni kwamba siku hizi tunakaa watu watano, kila mmoja na simu yake. Iweke mfukoni nusu saa tu, umtazame mwenzako usoni.

La tatu ni kutoa. Mwaka 2008 mtafiti Elizabeth Dunn na wenzake, wakiwa Kanada, waliwapa watu pesa asubuhi. Wengine waliambiwa wajinunulie kitu, wengine wamtumie mtu mwingine au watoe sadaka. Jioni, waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi, hata kama kiasi kilikuwa kidogo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayemtekea maji mama mjamzito wa jirani ametoa. Anayempisha mzee kiti kwenye matatu ametoa pia.

La nne ni shukrani, na hili halina gharama. Mwalimu aliyemfundisha mwanao kusoma, mwambie asante ukiwa na mfano: "Mwalimu, jana alinisomea barua." Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda mahamri ya nyumba nzima, mwambieni akiwa hai, si kwenye matanga.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Hayo manne ni ya mtu mwenye nguvu ya kuchagua. Wako wenzetu ambao nguvu hiyo imewaishia. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku ana huzuni nzito, hali vizuri, halali, hapendi tena alivyovipenda, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona. Unatibika kama magonjwa mengine. Ukimwambia "jichangamshe" au "shukuru, wengine wana shida zaidi", umemfunga mdomo. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya kusikiliza watu wenye dhiki, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na nyanya hao walipata nafuu kubwa zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Akina nyanya hao hawakuwa madaktari. Walijua kuuliza, na walijua kunyamaza wakasikia jibu.

Wahamasishaji wetu, ninyi mnaingia nyumba ambazo sisi wa ofisini hatuzifiki. Mkimaliza kupima shinikizo la damu, ongezeni swali moja: "Shikamoo mzee, usingizi unakuja siku hizi?" Kisha msikimbilie kutoa ushauri. Mkiona dalili, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Akitaka kuzungumza na mshauri kwa simu, Msalaba Mwekundu wa Kenya wako kwenye namba 1199, bila malipo. Na mtu akitaja kujiua, msimwache peke yake hata kidogo, na msimtangaze kijijini.

Na nyote mliobaki, nina ombi dogo. Kila mmoja wenu anamjua mtu aliyekuwa hakosi kwenye chama, msikitini, kanisani au uwanjani, na sasa haonekani. Kabla wiki haijaisha, mpigie hodi. Usiende na hotuba kama hii yangu. Nenda na mkono wa salamu na nafasi ya kukaa.