Nani Anamtunza Mganga? Neno la wafanyakazi wa afya siku ya Yubile



Mmetuita sisi waganga na wakunga wa vituo vya afya tuseme neno katika sikukuu hii, nasi tunawashukuru. Katika Maandiko Matakatifu, mwaka wa yubile ni mwaka wa furaha, na tena ni mwaka wa kutazama madeni. Kwa hiyo tunaomba ruhusa ya kusema leo juu ya deni moja, ambalo halina karatasi wala sahihi: deni la wote kwa yule anayekesha na wagonjwa.

Ninyi mnajua nchi yetu. Alimbongo iko juu, kwenye barabara kubwa ya kutoka Butembo na Lubero kwenda Goma. Usiku baridi ni kali na ukungu unafunika njia. Mama anashikwa na uchungu mbali, kule milimani; wanaume wanamweka katika kipoyi, wanashuka na kupanda kwa saa nyingi. Wakifika kituoni wanakuta mganga mmoja. Huyo mmoja anafungua mlango, anawasha taa, anachemsha vyombo, anazalisha, anaandika kitabuni, anahesabu dawa. Asubuhi anakuta wagonjwa wengine wameketi ukutani wakimngoja. Hakuna wa kumpokea kazi. Mtu aliyechoka namna hii anaweza kukosea kipimo cha dawa, na kosa lake laweza kuwa mauti ya mtu.

Wengine wanauliza: kwa nini waganga ni wachache? Je, vijana hawasomi? Wanasoma, ndugu. Shule za waganga ziko Butembo, Beni na Lubero, na Chuo Kikuu cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kinafundisha madaktari. Shida iko kwenye mshahara. Waganga wengi wa nchi yetu wanafanya kazi miaka na miaka bila namba ya matrikula. Wengine wana namba, lakini wanapata posho kidogo tu pasipo mshahara. Basi kituo kinaishi kwa franga za wagonjwa: sehemu inanunua dawa, sehemu inatengeneza nyumba, na kinachobaki wanagawana wafanyakazi. Mwezi ambao watu wana afya njema, watoto wa mganga wanalala njaa.

Hapo ndipo penye fundo. Mkulima maskini anaogopa bei, anakaa nyumbani, anakuja wakati ugonjwa umekwisha kumshinda. Mganga asiye na mshahara naye anamtazama yule maskini kama mkate wake. Hawa wawili wangekuwa ndugu, nao wanaanza kuogopana.

Na hatutaki kuficha makosa yetu mbele ya altare. Wako kati yetu waliosema maneno makali kwa wagonjwa. Wako waliodai franga kwa siri. Wako waliomzuia mama na mtoto wake mchanga kwa sababu ya deni la kuzaa. Njaa inaeleza mambo hayo, lakini haiyatakasi. Tunaomba msamaha.

Uhaba huu si jambo dogo la mfuko tu. Mkumbuke Yambuku, katika Ekwateri, mwaka 1976. Katika hospitali ile ya misioni, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wa siku nzima. Kwa sindano zile ugonjwa wa Ebola ulipita kutoka mtu hadi mtu. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na kati yao walikuwamo masista.

Kisha ugonjwa ule ukafika kwetu. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukiwa umeanzia upande wa Mangina, na ulikwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2.287 walikufa, zoni ya afya ya Alimbongo nayo haikukosa wagonjwa. Wafanyakazi wa afya zaidi ya 160 walishikwa na ugonjwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo, ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu, akiwa kazini. Katika siku zile tuliona jambo la ajabu: kazi za kupiga vita Ebola zililipwa vizuri, na waganga waliacha vituo vyao kuzifuata. Mama mwenye kuzaa na mtoto mwenye malaria walibaki bila mtu. Ebola ilipokwisha, posho zile zilikwisha pia.

Baadaye vita. Mwezi wa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka, na watu wakapanda barabara hii na magodoro kichwani. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule, mapigano yalifika Alimbongo penyewe. Mganga naye ana watoto wa kukimbiza. Akikimbia, msimhukumu haraka, akibaki, msimsahau.

Mtatuuliza: basi mnataka nini? Mambo matatu.

La kwanza, tuimarishe mituweli ya afya. Kila nyumba itoe kidogo baada ya mavuno ya viazi, wakati franga ziko mkononi, ili siku ya ugonjwa asiwepo wa kuogopa mlango wa kituo, wala wa kuzuiliwa ndani yake.

La pili, kila shirika lifanye salongo kwa ajili ya kituo kilicho karibu: nyumba ya kulala mganga, shamba la kulima, kuni za nyumba ya uzazi. Binti aliyemaliza masomo atakubali kukaa kijijini akiona mahali pa kulala kwa amani, na mwenzake wa kupokezana naye usiku.

La tatu, wakubwa wetu, mapadri na raia, wasichoke kuwakumbusha wenye mamlaka wajibu wa Leta. Sadaka ya Wakristu ni njema, lakini haiondoi haki ya mfanyakazi. Bwana mwenyewe alisema kama mfanyakazi anastahili mshahara wake.

Kwa upande wetu tunaahidi hivi: bei zitaandikwa ukutani, zisomwe na wote. Mgonjwa wa hatari atapokelewa kwanza, habari ya franga itafuata. Naye atakayedai kitu kwa siri, mtuletee jina lake, tutamwonya.

Ndugu wapendwa, kidole kimoja hakivunji chawa. Usiku wa leo, baada ya ngoma na chakula, ninyi mtarudi kulala. Katika nyumba ya uzazi mganga mmoja atabaki na taa yake. Mmwombee, na kesho mmpelekee mwenzake.

Mungu awabariki, awape Yubile njema.