Gari la Mbio na Ukingo wa Njia



Nimetakiwa niseme machache juu ya safari. Nilipopata nafasi ya kufika San Francisco, Marekani, nilitembezwa mjini kwa Ford Mustang, gari la mbio lililoanza kuuzwa mwaka 1964. Filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 ililiongezea sifa. Humo Steve McQueen analirusha katika vilima vya mji huo huo.

Nilitegemea mbio, sikuzipata. Katika Mtaa wa Lombard, kwenye kipande chenye kona 8 kali, mwendo unaoruhusiwa ni maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8. Mchakamchaka wetu wa alfajiri ungelipita! Injini ilinguruma, lakini kazi ilifanywa na breki. Kiongozi wetu alipoegesha mtelemkoni alikata usukani hadi gurudumu likaegemea ukingo wa njia. Ndiyo sheria ya mji: breki ikishindwa, ukingo ulizuie gari lisiwaangukie walio chini.

Ndugu zangu, wengi wetu leo tumeshika usukani wa ofisi. Sahihi yetu moja yaweza kumcheleweshea mjane mafao ya marehemu mumewe. Siku breki zetu zikishindwa, ukingo wetu ni upi? Mimi naona ni taratibu zilizoandikwa, na karani mdogo mwenye ujasiri wa kutuambia, "Hapana, Mzee, hii haifai." Tusimhamishe kwa sababu hiyo. Tumshukuru.