Ajali za Milimani: Subira Si Kuiacha Haki ya Yatima

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi)

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.



Sisi wakazi wa milima ya Usambara twaijua barabara yetu. Kutoka Mombo hadi Lushoto, kupitia Soni, ni kiasi cha kilomita 33 za kona na makorongo. Basi, lori la mboga na bodaboda hupishana ukingoni mwa genge. Ajali ikitokea, twajua kubeba majeruhi, kuosha maiti, kuchimba kaburi na kuchanga. Hayo ni mema, na malipo yake yako kwa Allah. Lakini upo wajibu unaofuata maziko, nao twaupuuza.

Mara nyingi hutokea hivi: mwenye gari huja msibani na sanda, gunia la mchele na bahasha. Ami wa marehemu husimama na kusema kuwa hiyo ni qadar ya Allah, familia imesamehe. Karatasi hutiwa saini. Mjane yumo ndani, hakuulizwa. Watoto nao hawana umri wa kuulizwa.

Tuipime kauli hiyo. Kuamini qadar ni nguzo ya imani. Lakini sheria iliyotuamrisha kuamini qadar ndiyo hiyo hiyo iliyowajibisha diya katika kuua kwa makosa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, diya ni ya watu wa marehemu ila wao wenyewe wakiitoa sadaka. Zingatieni: wao wenyewe. Mafaqihi wamebainisha kuwa diya hurithiwa kama mali nyingine. Mrithi aliyebaleghe na mwenye akili aweza kusamehe fungu lake. Walii hana ruhusa ya kusamehe bure fungu la yatima. Basi ami yule ametoa sadaka kwa mali isiyo yake. Bahasha ile ni ubani, nayo haifuti deni.

Hatusemi kuwa fidia ya mahakama ni diya kwa vipimo vyake. Twasema ni njia iliyopo nchini ya kuondoa dhara na kulinda haki.

Je, njia hiyo ikoje? Kwanza, uhai wa majeruhi utangulie. Kisha ajali iripotiwe polisi, ipatikane fomu ya PF3, na daktari aijaze. Viandikwe namba ya gari, jina la dereva, namba ya stika ya bima na majina ya mashahidi. Zihifadhiwe risiti zote za matibabu na nauli. Polisi wa usalama barabarani waombwe ripoti ya ajali, mchoro wa mahali na ripoti ya ukaguzi wa gari.

Pili, tufahamu kuwa kesi ni mbili. Ile ya dereva kushtakiwa na Jamhuri, faini yake huenda serikalini. Fidia hudaiwa katika shauri la madai, na kwa kawaida madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Akiwa amefariki mtu, familia ifungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi. Eda haimzuii mjane kutoka mchana kwa haja kama hiyo.

Tatu, kila gari na kila pikipiki barabarani yalazimika kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Wako wanaouliza: bima si ina maneno kwa wanazuoni? Hukumu ya kukata bima ni mlango mwingine. Aliyegongwa hakukata bima; yeye adai haki yake kwa aliyemdhuru, naye akamwelekeza kwa mlipaji. Ila asitie saini hati ya kufunga madai kabla ya kusomewa na mjuzi.

Mjuzi huyo atapatikana wapi kwa asiye na fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na imeweka msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Waulizwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Chama cha Mawakili wa Tanganyika nacho hutoa msaada. Tena hapa Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Elimu ya sheria iko mlangoni petu, nasi twatia saini karatasi tusizozisoma!

Kwa hiyo twapendekeza kila msikiti uteue watu wawili waaminifu, mmoja awe mwanamke, wakutane na familia ndani ya wiki ya ajali, wazitunze karatasi na kuwasindikiza mahakamani. Tunaochangia sanda tuchangie pia nauli ya kwenda Tanga kwa wakili.

Na tuwe waadilifu. Dereva naye ni ndugu yetu. Shahidi aseme alichokiona, asiongeze wala asifiche. Kama kosa halikuwa lake, tuseme hivyo. Mwenye kutaka kusamehe asamehe fungu lake, na ujira wake ni mkubwa. Ya yatima tuyaache mikononi mwa yatima.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotangulia, awaponye majeruhi, na atujaalie kuwa walinzi wa mali za mayatima wala si walaji wake. Wabillaahi tawfiiq.